Kishikwambi cha Mama na Leso ya Tano

Jumapili, 11 Agosti

Mvua ya manyunyu tangu asubuhi. Baridi ya kutisha. Nimenunua kishikwambi!

Cha bei rahisi, sitakataa. Muuzaji pale mjini alinihakikishia kina kila kitu ambacho vile vya bei ghali vinacho, tofauti ni jina tu. Kijana mwaminifu sana. Akaniongezea kava ya bure. Kava yenyewe ni ya kishikwambi kingine, kikubwa zaidi, kwa hivyo changu kinacheza ndani. Lakini bure!

Niandike sababu, ili mtu asije akasema nilitaka kujionyesha. Ni cha Mama. Ana miaka themanini na sita. Mwezi wa pili aliteleza zizini akavunjika nyonga, na tangu hapo anaishi nasi hapa Skuta, Nyeri, chumba cha nyuma, kitandani. Jumamosi ijayo tunaenda Nkubu, upande wa pili wa Mlima, kwa ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya Simeon. Simeon ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mama alimlea tangu akiwa na miezi tisa. Sasa daktari amesema mwendo huo wa gari Mama hauwezi. Hakulalamika. Aligeukia ukuta, akauliza kama ng'ombe wamekula.

Sijamsikia Mama akicheka tangu alipoanguka. Miezi sita. Nyumba hii imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani.

Mpango: Jumamosi Mama atahudhuria kwa video. Kishikwambi kitandani kwake, simu yangu kule Nkubu. Atamwona bibi harusi, Murugi, ambaye hajawahi kukutana naye. Nilimweleza mke wangu, Sophie. Akauliza kwa nini tusiazime tu tablet ya Nderitu, ambayo picha yake ni safi kama dirisha.

Nilitoka chumbani.

Jumatatu, 12 Agosti

Kishikwambi kilichukua dakika kumi na moja kuwaka. Nilikunywa chai kikombe kizima. Subira ni nzuri kwa moyo.

Nderitu akapita, bila kualikwa. Huyu ni binamu yangu. Ana kila kitu, na kila alicho nacho kina kamera tatu. Alikishika kishikwambi changu kwa vidole viwili. "Ati hii ni tablet? Hii ni ya watoto wa nasari, Ngatia." Halafu akajitolea kumwachia Mama tablet yake hadi baada ya Jumamosi. Kwa upole! Hilo ndilo liliniudhi zaidi. Nilimjibu kwamba asante, Mama ameshakizoea chetu.

Mama hajakiona bado.

Faida hadi sasa: chepesi. Maandishi makubwa. Hakuna mwizi atakayekitamani. Hasara: betri. Ilikuwa asilimia arobaini, nikapiga chafya, ikawa tisa.

Jumanne, 13 Agosti

Msiba. Kishikwambi hakimtambui Mama.

Nilimwonyesha pale pa kugusa ili kupokea simu. Akagusa. Hakuna kitu. Akagusa tena, akabonyeza kama anayekanda unga. Hakuna kitu. Nikagusa mimi, kikaitika mara moja. Akagusa jirani yetu Beth, ambaye hukaa na Mama tukitoka, kikaitika. Mama akavitazama vidole vyake. Akasema, bila hasira yoyote, kwamba mashine inafikiri yeye hayupo.

Ni ile ngozi. Miaka hamsini ya kuchuma kahawa, jembe, kamba za ng'ombe. Ncha za vidole vyake ni ngumu kama soli. Kishikwambi cha Nderitu bila shaka kingemtambua. Sikusema hivyo kwa mtu yeyote.

Nilifikiri saa nzima. Kisha nikaenda kuchukua ule mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe. Yameandikwa kwamba yanalainisha. Sijaona mahali yamekataza binadamu.

Nikaketi kando ya kitanda nikampaka. Mkono wa kulia kwanza, kidole kimoja kimoja. Mama akauliza kama nimemgeuza ng'ombe. Nikasema ndiyo, na ajitayarishe kutoa maziwa. Hakucheka, lakini mdomo ulitaka. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilishika mikono yake hivi. Sikukumbuka. Pengine nilipokuwa darasa la kwanza, akinivusha mto. Nilipaka polepole kuliko ilivyohitajika.

Baada ya nusu saa, kidole cha shahada kikakubaliwa! Mama alipokea simu yangu kutoka sebuleni. Tukasalimiana kama watu walio mbali. Halafu kishikwambi kikateleza kwa mafuta, kikaanguka sakafuni. Hakikuvunjika. Kava ilivunjika. Naweka hilo kwenye faida.

Alhamisi, 15 Agosti

Kikao cha familia sebuleni kwetu. Nimethibitishwa kuwa msemaji wa upande wetu. Nderitu aliinua mkono kukumbusha kikao, kwa heshima kubwa, juu ya shughuli ya leso katika ruracio ya mwanawe, nikiwa msemaji. Kila mtu akatazama viatu vyake.

Niandike ukweli, shajara haina masikio. Katika ruracio, bibi harusi hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, pamoja na wanawake wengine kadhaa. Husimama mstari mmoja. Bwana harusi huchagua. Akikosea, ni faini na aibu, na kiongozi wa aibu ni msemaji. Mwaka ule mtoto wa Nderitu alimfunua mpishi. Mpishi alikuwa bado ameshika mwiko.

Haitatokea tena! Nimepata mpango ndani ya mpango. Sophie ataingia na simu yangu kwenye chumba cha wanawake, ili Mama amsalimie bibi harusi kabla hajafunikwa. Nani atamkatalia nyanya mgonjwa? Mama ataona ni leso gani na ni wa ngapi mstarini. Sophie akinirudishia simu, Mama ananinong'oneza nambari. Nami nakohoa mara hizo. Simeon anahesabu. Basi.

Nilimweleza Mama. Alinitazama kitambo. Akauliza kama huo si wizi. Nikasema ni teknolojia. Akasema sawa. Kisha akauliza kama Murugi ana nyanya. Nikamwambia yuko, anaitwa Kajuju, ndiye aliyemlea Murugi baada ya wazazi kufariki. Mama akauliza kama naye atasimama kwenye mstari. Nikasema sijui, mara nyingi huwaweka wazee kwa mzaha. Akaomba nimpake mafuta tena.

Ijumaa, 16 Agosti

Mazoezi ya mwisho. Rangi za kishikwambi zina matatizo kidogo. Sweta nyekundu ya Beth ilionekana ya machungwa, na Beth mwenyewe alionekana mgonjwa. Chaja nayo hufanya kazi tu waya ukikunjwa na kuwekewa kitu kizito juu. Nimeweka mkebe wa mafuta. Kila kitu kina kazi mbili katika nyumba hii.

Simeon alifika kumuaga Cucu wake, yaani nyanya yake. Nilimvuta kando nikamweleza juu ya kikohozi. Alisita. Akasema yeye anaweza kumjua Murugi bila msaada. Nikamwambia hata mtoto wa Nderitu alisema hivyo. Nikaongeza kwamba nambari itatoka kwa Cucu. Hapo akakubali. "Kama ni Cucu amesema, mimi siwezi bishana."

Alikaa naye saa nzima. Nilipopita mlangoni alikuwa amempigia magoti, Mama amemwekea mkono kichwani. Mafuta ya kukamulia yote kwenye nywele za bwana harusi.

Jumamosi, 17 Agosti. Nkubu, saa kumi jioni

Nimejitenga nyuma ya hema. Naandika upesi.

Tulipokewa vizuri sana. Jamleck, msemaji wao, ni mtu wa maneno matamu. Nikamjibu kwa maneno matamu. Saa sita Sophie akaingia na simu chumba cha wanawake, akatoka baada ya dakika kumi, akanipa. Skrini ilionyesha paji la uso la Mama peke yake. Nikamuuliza hali ya hewa ya Nyeri. Mama akajibu, wazi kabisa: wa tano.

Wanawake saba wakatoka, wote wamefunikwa. Nikakohoa mara tano. Jamleck akakatiza hotuba yake kuuliza kama mgeni anahitaji maji. Nderitu akanipiga mgongoni, mara mbili, kwa nguvu zisizo za lazima.

Simeon akapita mstari mzima. Akarudi. Akasimama mbele ya wa pili, muda mrefu mno. Nikakohoa tena mara tano, mpaka machozi. Akanitazama. Akatazama simu mkononi mwangu. Akaenda kwa wa tano, akafunua.

Kajuju! Nyanya mwenyewe! Miaka themanini na zaidi, hana meno ya mbele, anacheka mpaka anashikiliwa. Vigelegele vilisikika hadi sokoni. Faini ni blanketi na dansi, na Simeon ilibidi acheze na bibi yake mpya mbele ya watu wote. Nderitu alipiga video kwa kamera zote tatu. Nilitamani leso ya kujifunika mimi.

Ndipo nikasikia sauti kwenye simu. Nilidhani mtandao unakatika. Halafu nikaijua. Mama alikuwa anacheka. Kile kicheko chake cha zamani, kinachoanzia chini na kukosa pumzi mwishoni. Skrini ilikuwa inatetemeka, naona dari, naona blanketi, naona jino.

Kajuju akauliza ni nani huyo anayemcheka. Akaichukua simu, akaketi kwenye kiti cha Jamleck. Mmoja aliongea Kimeru, mwingine Gikuyu, na sikuona yeyote akimuuliza mwenzake alimaanisha nini. Magoti. Mbegu za maharagwe. Kulea mtoto wa mtoto wako. Mazungumzo ya mahari yakasimama dakika arobaini, kwa sababu hakuna mwanamume pale aliyethubutu kuwanyang'anya simu.

Beth ameniambia kishikwambi kilibaki asilimia thelathini na moja muda wote huo, hakikushuka hata moja. Walipoagana tu, kikazima. Nani aliniambia ni cha watoto wa nasari?

Murugi alikuwa wa pili.

Jumapili, 18 Agosti

Nyumbani. Nderitu alikuja baada ya kanisa kumwonyesha Mama video yake safi. Mama akamshukuru, akamwambia ameshaiona, alikuwepo. Nderitu akafunga tablet yake polepole. Nilimkaribisha chai kwa moyo mkunjufu kabisa.

Alipoondoka, niliketi kando ya Mama nikamwomba radhi. Nikasema kosa si lake, ni zile rangi, hakuona vizuri. Mama akasema aliona vizuri sana. Murugi alivaa leso ya njano, wa pili, na ana kovu dogo kwenye nyusi. Nikamuuliza kwa nini basi alisema wa tano.

"Murugi analetwa hapa. Nitamwona mpaka nichoke. Lakini huyo alimlea, mimi na hii mguu, nitamwona lini?"

Alitaka kuuona uso wake, anasema. Alitaka waangaliane, watu wawili waliofanya kazi moja.

Jioni Simeon alipiga simu. Alikuwa amezitambua nyayo za Murugi tangu mwanzo. Lakini Cucu alikuwa amesema wa tano, akaenda kwa wa tano. Nikamuuliza kama Murugi alikasirika. Alisema Murugi alilia, kwa furaha, chini ya leso.

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta majani chai. Nililia mimi pia. Nampenda sana Mama yangu na sijui kama nimewahi kumwambia. Nilipaka mafuta mikono yake bila sababu yoyote ya kiteknolojia.

Jumanne, 20 Agosti

Nimelitafakari jambo lote kwa utulivu. Ni wazi Mama anasema vile ili kukitetea kishikwambi. Ana moyo mwema. Ukweli ni kwamba rangi zilimchanganya. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Kikohozi kilifanya kazi kikamilifu.

Kwa hivyo leo nimerudi kwa yule kijana mwaminifu, nikanunua kishikwambi cha pili, cha kumtumia Kajuju ili wazungumze kila asubuhi. Hiki ni rahisi zaidi! Hakina hata jina. Nimekifunga pamoja na mkebe mzima wa mafuta ya kukamulia na maelezo.

Habari nyingine: Desemba ni ruracio ya Anita, binti yake Nderitu. Itafanyika kwake, dakika tano kutoka hapa. Wageni ndio watakaochagua, na kijana wa watu nimemwonea huruma. Nimeshazungumza kimya kimya na msemaji wao, bwana mmoja Peterson, kumweleza kuhusu mfumo wangu. Ameuliza kama ni wa uhakika. Nimemwambia umejaribiwa Nkubu.

Mama naye ameuliza kama siku hiyo anaweza kufunikwa leso, asimame mstarini, au hata aketi. Daktari amesema inawezekana, akijizoeza. Leo ameketi kitini dakika ishirini, leso kichwani, akicheka mwenyewe chini yake. Nimeketi kando yake nikijizoeza kukohoa.