Gari Lililolainika Baada ya Korongo

Saa moja na robo asubuhi ya leo nilipiga gari hendeli, likaitika mara ya pili. Ilipofika saa nne nilikuwa nimekwisha kujidhalilisha mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, tena msibani. Ninawaandikia ninyi wenzangu wa baraza la nyuma ya duka la Hasham jioni hii hii, kwa sababu aliyeshuhudia ni Maganga, mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Jumatatu atakuwa hapo kwenu akinywa chai. Ni afadhali mlisikie kwangu kwanza, bila chumvi yake.

Gari langu mnalijua. Nililinunua kutoka kwa kijana mmoja wa Shinyanga, mtoto wa mfanyabiashara, aliyetaka gari la kukimbia. Springi za gari ni vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Yeye alitoa viwili katika kila gurudumu, gari likashuka karibu shibiri moja. Kwenye kona lilishika barabara vizuri ajabu. Lakini likipakiwa watu nyuma, springi zilifika mwisho upesi, na kila shimo ekseli ya magurudumu ikagonga chesisi juu yake kwa mlio wa mchi ndani ya kinu. Aliyekaa nyuma ndiye aliyekuwa mtama.

Mtama wa kwanza alikuwa mama mkwe wangu, Mama Masanja. Masanja mwenyewe, shemeji yangu, alifia ndani ya mgodi upande wa Geita na akazikwa kule kule. Mama yake alipata habari siku ya tatu, amelala kitandani kwa maumivu ya mgongo. Hakuwahi kuliona kaburi. Mwaka jana nilijaribu kumpeleka. Baada ya maili mbili aliomba ashushwe, akarudi nyumbani kwa miguu akishika fimbo. Hakunilaumu. Alituma tu neno kwa binti yake, yaani Mama Kulwa, mke wangu, kwamba mifupa yake ni michache na angependa azikwe nayo yote.

Neno hilo lilinikaa. Kwa hiyo miezi mitatu nimekuwa chini ya gari. Mliniona, na mlisema mengi. (Hasham alisema nimehamia huko.) Ningeweza kurudisha vile vyuma vilivyotolewa, gari likapanda, mambo yakaisha. Sikutaka. Nilikuwa na kitabu cha magari nilichokisoma mara nne kwa msaada wa kamusi, na kitabu kilisema gari la chini ni salama. Nilitaka gari libaki chini na liwe laini. Nilipaka grisi kati ya vyuma vya springi, nikavifunga kwa ngozi ya ng'ombe isiingie mchanga. Nilikata vipande vya tairi la lori nikaviweka mahali ekseli inapogonga. Zile shokapu zinazozuia gari lisidunde zilikuwa kavu, nikazijaza mafuta ya nyonyo, kwa kuwa mafuta yake halisi hayapatikani hapa. Kiti cha nyuma nilikipasua nikakijaza sufi. Nikapunguza upepo wa magurudumu.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ndugu wa kule walikuwa wamekubaliana kukutana kaburini, na mama mkwe alikuwa amesema hii ni mara yake ya mwisho kujaribu. Mgongo wake hautangoja kiangazi kingine.

Sasa adabu za Kisukuma mnazijua, lakini niziseme, maana humo ndimo nilimozama. Mama mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi ana kwa ana. Kwa hiyo nilitundika shuka la kaki nyuma ya kiti changu, kutoka paa mpaka sakafuni. Kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza kielekee paa. Yeye na Mama Kulwa waliingia nyuma nikiwa nimegeukia ukuta wa nyumba yangu. Tukapatana ishara na Mama Kulwa: akigonga bodi mara moja nisimame, akigonga mara mbili niondoke. Nilijiona mtu aliyefikiria kila kitu.

Kabla hatujatoka kijijini, ekzosi, lile bomba la moshi, ikang'oka. Malori ya pamba yamechimba barabara pande mbili, katikati pamebaki tuta, na ndani ya tuta mlikuwa na jiwe. Gari lililo chini halikwepi jiwe la katikati. Niliifunga ile ekzosi kwa waya juu ya paa, tukaendelea na mngurumo wa mashine ya kusaga. Tangu hapo sikusikia tena sauti ya mtu yeyote.

Ekseli bado iligonga. Nakiri iligonga. Si kwa mlio wa zamani, kwa sababu ya mpira, lakini nilihisi kila pigo kwenye usukani, na kila pigo nilijua limefika wapi. Niliendesha polepole, nikajiambia kwamba grisi inahitaji muda wa kuzoea. (Kitabu hakikusema hivyo. Nilisema mimi.)

Tukafika kwenye lile korongo la mchanga, maili nane kabla ya kaburi. Pale gari zito halivuki. Mama Kulwa alijua. Walishuka, nikavuka kwa kasi peke yangu, nikasimama ng'ambo kwenye kilima kidogo, injini ikiendelea kunguruma maana betri yangu haiaminiki. Nikatazama mbele kwa adabu. Nikangoja. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Gari likatikisika kidogo. Mlango ukafungwa. Bodi ikagongwa mara mbili.

Nikaondoka.

Ndugu zangu, baada ya pale gari lilibadilika. Sijui niwaelezeje. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Mahali penye mizizi ya mkwaju, ambapo mwenye mgongo ule angeomba Mungu amchukue, tulipita kama tunapita juu ya magunia ya pamba. Ekseli haikugonga hata mara moja. Nilijaribu kona moja kwa mwendo wa haraka kidogo, gari likaishika na kutulia. Nilimkumbuka Masanja, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika spana, na nikawaza kwamba leo mama yake anamwendea akiwa ameketi kama mtu.

Nikaanza kusema. Nilipaza sauti kuushinda mngurumo, nikamwambia Mama Kulwa, ili mama yake asikie, kwamba sasa mafuta ya nyonyo yamepata joto na kufanya kazi. Nikaeleza habari za grisi. Nikaeleza kwa nini chuma bapa kinaposuguana na mwenzake bila grisi springi huwa kama gogo. Nilieleza kwa maili tatu hivi. Hakuna aliyenikatiza. Mnajua Mama Kulwa hunikatiza. Nikafahamu kwamba amelala, na kama yeye amelala basi na mama yake amelala. Mwanamke mwenye mgongo ule, amelala ndani ya gari langu!

Nikapunguza sauti nisiwaamshe.

Baadaye nilipitisha kibuyu cha maji chini ya shuka, mkono nyuma, macho mbele. Hakikupokelewa. Nikakiegemeza juu ya kiti cha sufi, taratibu, wakiamka wakikute.

Nyumbani kwa Mzee Lubinza, baba mdogo wa marehemu, ambako kaburi lipo, ndugu walikuwa wamekwisha kusikia mngurumo kutoka mbali. Walipanga mistari miwili kutoka uani mpaka njiani, wanaume huku, wanawake kule. Mama wa marehemu ndiye aliyengojwa. Gari liliposimama, wanawake walianza kulia, kile kilio cha kumpokea mfiwa, wakimwita Masanja kwa jina. Nilizima injini. Nilizunguka upande wa nyuma nikiwa nimegeuza uso kwenye ua wa michongoma. Nikafungua mlango, nikainama, nikarudi hatua kadhaa kumpisha.

Walilia. Nami nilisimama nimeinama, nikitazama mwiba mmoja wa mchongoma, na nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha.

Halafu kilio kikaanza kupungua. Hakikukatika mara moja. Sauti moja ilinyamaza, halafu mbili, halafu ya bibi mmoja wa nyuma ambaye bila shaka hakuona vizuri ikaendelea peke yake, mpaka aliposhikwa mkono. Nikasikia viatu vya Mzee Lubinza vikija karibu.

"Baba Kulwa," akasema, kwa upole kabisa. "Tumlilie nani?"

Nikageuka. Juu ya kiti kilichojaa sufi, katikati, wima, kilikuwa kimekaa kibuyu changu. Hakikumwaga hata tone.

Mwanamke mmoja akasema, "Amekileta salama." Basi. Msibani watu hujizuia, na walijizuia sana. Niliona mabega. Niliona khanga zikipandishwa midomoni. Mzee Lubinza mwenyewe aligeukia ua nilioutazama mimi, akautazama kwa muda mrefu. Shangazi wa marehemu, ambaye hakuwahi kunipenda, aliniuliza kama mama mkwe amefia njiani nikamwacha, au yuko hai nikamwacha. Nilisema yuko hai. Nilisema nadhani. Hapo hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Nilirudi nilikotoka bila kuuhisi usukani. Sikuwaza tena springi. Niliwaza mwanamke mgonjwa ameketi kwenye mchanga wa moto, na maji yake ninayo mimi.

Niliwakuta wamekwisha kulipita korongo, wako juu ya mkokoteni wa Maganga, aliyekuwa akipeleka pamba. Mama mkwe alikuwa amelazwa juu ya magunia, ameegemea moja, miguu imenyooshwa. Hiyo ni habari niliyopewa baadaye. Mimi nilisimama pembeni nikatazama vichaka. Mama Kulwa alishuka akanijia. Alikuwa na mchanga mpaka magotini na machozi yalikuwa yamekauka mashavuni.

Alinieleza. Kule korongoni mama yake aliketi chini, akasema hapandi tena lile gari, afadhali asilione kaburi. Mama Kulwa alivuka, akafungua mlango, akachukua furushi la mama yake, akafunga, akaanza kuzunguka aje anieleze.

"Nilikugongea usubiri," akasema.

"Uligonga mara mbili," nikasema.

"Niligonga mara kumi, Baba Kulwa. Nilikimbia nikigonga."

Mimi nilikuwa nimehesabu mbili za kwanza.

Maganga akakohoa. Mnakijua kikohozi chake. Kisha, kutoka juu ya magunia, ikaja sauti ambayo kwa miaka kumi na minane ya ndoa sikuwahi kusemeshwa nayo. Wala leo haikunisemesha mimi. Iliwaambia ng'ombe, kama adabu inavyotaka.

"Mwambieni mkwe wangu nililisikia gari lake likienda," mama mkwe akasema. "Limepona. Limepona tangu niliposhuka."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ilinichukua muda mfupi kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma. Nyuma palikuwa patupu. Bila uzito, springi hazikufika mwisho, ekseli haikugonga. Grisi haikufanya lolote, wala nyonyo, wala mpira. Kwa miezi mitatu nimelainisha gari kwa ajili ya mtu asiyekuwemo.

Nilimwomba Mama Kulwa amwulize mama kama angekubali kupanda, nikienda kwa mwendo wa konokono. Mama Kulwa akarudi kwenye mkokoteni, akapanda kando ya mama yake. Maganga aliwasemesha ng'ombe wake, wakaondoka. Kumpita mama mkwe na kumtimulia vumbi lisingekuwa jambo la heshima, kwa hiyo nikafuata nyuma, mwendo wa ng'ombe, kwa saa moja na zaidi. Gari halikuundwa kwa mwendo huo. Maji ya rejeta yakachemka, nikayaongeza yale ya kibuyu, yakachemka tena. Maili mbili kabla ya kufika likazimika. Mkokoteni haukusimama. Nadhani hawakugundua. (Sina haki ya kulalamika juu ya hilo.)

Nilitembea. Mgongo wangu haukuuma hata kidogo.

Nilipofika, kilio cha kumpokea kilikuwa kimekwisha, na nasikia safari hii kilikuwa kilio kamili. Watu walikuwa wamekaa. Mama Masanja alikuwa ameketi chini kando ya kaburi, kiganja chake kimelala juu ya udongo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nilikiona kile kiganja tu, kisha nikageuka. Nilikaa mbali, mgongo kwa kaburi la mtu aliyenifundisha kushika spana, mpaka jua lilipoinama. Kwa binti yake alisema neno moja tu leo lililonihusu: nipewe chakula, nimetembea.

Ninalala hapa kwa Mzee Lubinza. Kesho nitalifuata gari. Nitarudisha vile vyuma vya springi, vyote, lipande kama la watu wengine. Ninyi chekeni, siwezi kuwazuia, lakini Maganga akifika msimwombe aigize ile sauti ya kugonga bodi.

Hesabu ni hii. Matengenezo pamoja na ekzosi: shilingi mia moja ishirini na moja na senti hamsini. Nauli ya Mama Masanja kwenye mkokoteni wa ng'ombe, niliyoilipa mimi: shilingi mbili. Zilizofanya kazi ni hizo mbili.