Sanduku la Benchi Zima

Tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa Felisita, mwenye duka la intaneti, tangu Jumatatu, kwa kalamu nene ya bluu: INTANETI INAFUNGWA IJUMAA. MWENYE BARUA ZAKE AJE ACHAPISHE. Mwaka 2011 nani tena akalipie nusu saa ya kompyuta, wakati simu ya mfukoni inafungua kila kitu? Basi Ijumaa asubuhi, benchi la kahawa la Domitila, ng'ambo ya barabara hapo Bariadi mjini, lilikaa kama lina msiba.

"Inakufa intaneti," alisema Mayige, ambaye kijiwe kinamwita Mizani. Alipima pamba ya ushirika, wanunuzi binafsi walipoingia akapima ya kwao, na kote alikopita kilo zilipungua. "Inakufa ile yenyewe. Hayo ya kwenye simu ni makelele."

"Mzee baba, acha fiksi," alidakia Dastan wa bodaboda, maarufu kama Bando. "Intaneti gani ile? Unafungua picha ya mtu, inaanzia utosini. Mpaka ifike shingoni, muda wako umekwisha."

"Ndiyo raha yake, kijana! Mwaka 2003 tulibanana watu wanne kwenye kompyuta moja, tunasubiri bei ya pamba ya dunia. Ikafunguka. Tukaichapisha, tukampelekea mnunuzi kule Nkoma."

"Akasemaje?"

"Akasema pamba yetu tukaiuzie hiyo kompyuta."

Benchi lilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Luhaga peke yake hakucheka. Macho yake yalikuwa mlangoni kwa Felisita. Mkewe Esteria alikuwa ameingia humo robo saa iliyopita, na kila mashine ya kuchapisha ilipolia, Luhaga alishtuka.

"Jamani, nawaomba," alisema. "Akitoka pale, mtu asifungue mdomo."

Kisa chenyewe kilianza Felisita alipofungua duka lake na kutangaza kwamba kila mtu lazima awe na sanduku lake la barua kwenye kompyuta. Athanasi, mwalimu mstaafu anayeitwa Profesa, akamuuliza sanduku la posta la parokia linatumiwa na watu wangapi. Mia nne. Sasa la kompyuta lina maringo gani mpaka liwe la mtu mmoja? Wakafungua moja, la benchi zima, na neno la siri wakaliandika kwa chaki ukutani kwa Domitila lisije likasahaulika.

Luhaga wakati huo alikuwa anamchumbia Esteria, aliyekuwa Mwanza akijifunza cherehani. Alikuwa akifika kunywa kahawa anakuta barua ya mchumba imeshasomwa kwa sauti, na majibu yake yameshajadiliwa na kuandikwa na benchi. Esteria akakubali, ndoa ikafungwa kwao Nyalikungu, na miaka yote hiyo akawa anatamba kwenye jumuiya kwamba Bariadi nzima hakuna mwanamume anayejua kuandika kama mume wake. Risala za harusi watu wakawa wanamletea Luhaga awaandikie, naye anazikimbiza kwa Profesa kwa siri. Alimpenda sana mkewe, na alipenda jinsi anavyomtazama anapomsifia mbele za watu. Ule mtazamo ndio aliokuwa anaogopa kuupoteza asubuhi hiyo.

"Nisifungue mdomo kivipi?" Profesa alifoka. "'Macho yako ni taa ya nyumba isiyo na umeme.' Ile ni yangu!"

"Taa yako, sawa," alisema Mizani. "Lakini 'uzito wa penzi langu haupimiki'? Nani hapa mtaalamu wa vipimo?"

"Kwa hiyo na kilo za penzi ulipunguza?" Dastan aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeongeza kwamba atakula samaki kila Jumapili," alisema Domitila huku akijaza vikombe.

"Na wewe ulikuwa unaingia humo?" Profesa alimshangaa.

"Si neno la siri lilikuwa kwenye ukuta wangu?"

Dastan akageuka. "Sasa bwana harusi mwenyewe aliandika nini?"

"Huyu?" Profesa alimtazama Luhaga kwa huruma. "Huyu aliweka nukta."

"Niliandika mstari mmoja," Luhaga alijitetea. "Kwenye barua ya mwisho. Mlikuwa mmeshatoka, zimebaki dakika mbili."

"Ukaiharibu barua nzima."

Kabla Dastan hajauliza mstari gani, Esteria alikuwa ameshavuka barabara, karatasi mkononi.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," benchi liliitikia kwa adabu isiyo ya kawaida.

"Baba Milembe, nimezipata zote. Nimezisoma mle ndani mpaka machozi."

Profesa alivumilia kadiri alivyoweza, na hakuweza sana. "Machozi ya ile ya taa, shemeji?"

"Umeijuaje?"

Luhaga akainamia kikombe. Mizani akaona hawezi kuiachia taa itambe peke yake.

"Shemeji, tusidanganyane. Barua zile ni kazi ya kijiwe. Kila neno."

"Kila neno?"

"Kila neno!" walijibu kwa pamoja, hata Dastan, ambaye mwaka ule alikuwa darasa la sita.

Esteria hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Luhaga zaidi. Alifunua karatasi ya mwisho. "Hayo ya taa na uzito, wasichana wa cherehani waliyacheka wiki nzima. Mimi nilikubali kuolewa kwa sababu ya huu mstari wa chini." Akasoma: "'Kisima kiko karibu na nyumba. Nimepima kwa miguu, hatua arobaini na tatu. Kikikauka nitachimba kingine.'"

Mizani akashusha kikombe chake.

"Nimebeba ndoo tangu nina miaka sita. Hakuna mtu aliyewahi kunihesabia hatua." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Kisima kimekauka tangu mwaka jana. Sasa natembea hatua mia sita, na kila nikiuliza naambiwa kesho. Ndiyo maana nimekuja kuchukua maandishi. Nilidhani namdai mtu mmoja, kumbe mko watano. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na sururu yake."

Domitila akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha. Dastan alikuwa ameshapiga pikipiki teke. "Mimi nilikuwa shule!"

"Kitaaluma, shemeji," alisema Profesa akiwa amesimama, "mstari huo una mtindo tofauti kabisa."

"Sisi tulikuwa tumeshatoka!" Mizani aliapa.

Luhaga akainua uso taratibu. "Mimi niliweka nukta tu."

"Mwongo!" benchi lilipiga kelele. "Ule mstari ni wake! Wake peke yake!"

Esteria akakunja karatasi, akamtazama mumewe kwa ule mtazamo wake wa miaka yote.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana yeye atashuka chini. Nyie mtavuta udongo."