Plau Iliyokataa Kunyanyuka

Jumatatu, 4 Machi 1974

Trekta la kijiji limegoma. Injini inanguruma vizuri, magurudumu yanazunguka, ila plau haipandi. Ukivuta wenzo, ile mikono ya nyuma inatetemeka kidogo kama mzee anayetaka kuinuka mkekani, halafu puu! Chini. Huwezi kulima hivyo. Ukifika mwisho wa mstari lazima plau inyanyuke ndipo ugeuze. Ekari thelathini zinangoja, na mawingu ya masika yameshaanza kujikusanya upande wa Kisarawe.

Mkutano wa dharura. Mwenyekiti Marijani akauliza nani anayajua mambo haya. Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha! Nikasema hiyo ni haidroliki: pampu inasukuma oili, oili inanyanyua mikono. Neno haidroliki nililirudia mara tatu. Makofi! Nikaongeza kwamba kule Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, nimefungua matrekta kumi na mawili. Tanga nilikuwako kweli. Nilikuwa karani wa stoo. Nilichokuwa nafungua ni makufuli.

Mwenyekiti akatangaza: atakayeliponya kabla ya Jumamosi ndiye dereva wa kudumu. Asiyeweza, jembe la mkono pamoja na wenzake. Kwa sasa dereva wa muda ni Mzee Mwishehe, mtu wa hapa hapa Mbagala, mpole mpaka anakera. Aliniuliza kama nimepima oili. Nikacheka kwa sauti.

Nyumbani, mke wangu Kokuberwa kamwandikia baba yake Bukoba kwamba mkwewe Gaudens sasa ni dereva wa trekta. Nikamwambia bado. Akasema barua imeshaondoka. Yule mzee alinikubali kwa shingo upande miaka kumi na mmoja iliyopita. Siwezi kumpa sababu nyingine.

Jumanne, 5 Machi

Nimepima oili. Kwa siri, Mwishehe alipokwenda kuswali adhuhuri. Imepungua vibaya. Kwa hiyo alikuwa sahihi, lakini hilo si lazima lijulikane.

Duka la kijiji halina oili. Halina hata sabuni. Nikafikiri sana. Mafuta si mafuta tu? Kokuberwa alikuwa na nusu debe la mafuta ya nazi, kayakamua kwa mikono yake. Nikayamimina yote.

Plau ikapanda! Shubiri moja! Mbili! Nikavua kofia nikawapungia akina mama waliokuwa wanapalilia mihogo. Kisha tangi likaanza kutoa povu, jeupe, tele, likimwagikia magurudumu. Plau ikaanguka karibu kabisa na kidole changu cha mguu. Trekta limepata moto na linanuka maandazi. Demetria, kiongozi wa kikundi cha akina mama, alikuja kuuliza nani anakaanga na shughuli yenyewe ni ya nani. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya kawaida ya haidroliki.

Kokuberwa hajaniuliza kuhusu debe. Kanipa ndizi za kuchemsha, kavu, bila hata chumvi. Nimemwelewa.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimegundua tatizo ni hewa. Povu si hewa? Hewa hutolewa kwa kulegeza boliti, nilimwona fundi mmoja Tanga akifanya hivyo. Sikuona aliilegeza ipi. Nikalegeza iliyokuwa karibu.

Nilikuwa nimevaa suti yangu ya Kaunda, maana Mwenyekiti alisema atapita. Lo! Oili ikaniruka kuanzia paji la uso mpaka viatu. Mwenyekiti akapita kweli. Hakunitambua. Alimwuliza Mwishehe fundi yuko wapi.

Mwishehe akaniletea matambara. Akasema, kwa upole ule ule, kwamba pengine chujio limeziba, tulifungue. Angesema mtu mwingine yeyote ningekubali. Nikamjibu chujio la trekta hili haliguswi, nikaondoka bila kuaga. Asubuhi pia sikumwamkia. Kanizidi miaka minne tu, shikamoo ya nini?

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Niko kwenye uji, nikapata! Ikiwa haidroliki imelala, watu si wako macho? Nikaomba kamati wanaume kumi. Tukapitisha magogo mawili chini ya plau. Mwishehe anaendesha, mie natembea kando na filimbi. Nikipuliza, kumi wananyanyua, trekta linageuka. Nikipuliza tena, wanashusha. Nikaiita haidroliki ya umma. Mwenyekiti alifurahi mpaka akapanda juu ya kichuguu, akahutubia kuhusu kujitegemea. Kwa dakika ishirini nilikuwa dereva mtarajiwa.

Mstari wa tano, wawili wakashika viuno. Wa sita, mmoja akalala chini akasema apelekwe kwao. Ndipo Demetria akauliza kwa sauti: wanaume kumi hawa wangeshika majembe tangu asubuhi wangekuwa wamelima kiasi gani? Akaonyesha kipande walicholima akina mama. Kilikuwa kikubwa kuliko chetu. Kumbe trekta ndilo lililokuwa likituchelewesha! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikapuliza filimbi, sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Machi

Mwishehe kafungua chujio. Hakuniomba ruhusa. Limejaa tope la nazi na magamba ya rangi ya kijani. Akakitazama kifuniko cha tangi. Kile kitundu cha kupumulia kimezibwa kabisa, na rangi hiyo hiyo. Akaeleza kwamba tangi lisilopumua linaibania pampu oili.

Trekta hili nililipaka mie, mwaka jana, kwa sherehe za Saba Saba. Nilipaka kila kitu. Nilipaka mpaka taa.

Mwenyekiti akataka kujua nani kafanya uzembe huu kwenye mali ya umma. Mwishehe akafuta mikono taratibu, akasema ni rangi ya zamani, nani atakumbuka. Na siku ile alikuwepo! Ndiye aliyenishikia kopo! Nilitaka kumshukuru, nilitaka na ardhi inimeze, nikaishia kumpa bisibisi ambayo hakuihitaji. Nimeona aibu kweli leo. Hii haichekeshi.

Mchana kutwa kamwaga nazi yangu, kaosha tangi kwa dizeli, kazibua tundu kwa waya, kaenda kijiji cha jirani kuomba oili halisi. Mie nilishika ndoo.

Jumamosi, 9 Machi

Plau imepanda. Imeshuka. Imepanda tena, laini kabisa. Ekari saba leo!

Mwishehe ndiye dereva wa kudumu. Likaja jina langu: jembe. Nikainama. Mwishehe akasimama, akaomba niwe utingo wake, nijifunze polepole. Sharti moja: nisiguse kitu mpaka aniambie. Kamati ikacheka, ikakubali. Nikamwamkia shikamoo mbele ya watu wote. Ilinitoka yenyewe.

Kokuberwa akaniuliza amwandikie nini baba. Nikasema aandike msaidizi. Akanitazama sana, kisha akanipakulia mchuzi.

Jumapili, 10 Machi

Trekta limepumzishwa mpaka kesho. Zimebaki ekari ishirini na tatu na mvua iko jirani. Mwishehe kaenda arusini. Kaniachia trekta, nilifunike turubai mvua ikinyesha. Nikae tu, kasema. Nikae tu.

Nilipotoka misa nikakaa. Nilikaa karibu saa nzima! Lakini mtu ukikaa kwenye kiti kile, mguu wenyewe unakwenda kwenye pedali. Pedali ya breki ikalia. Kikelele kidogo. Haidroliki nilikuwa siijui, nakiri mbele ya Mungu. Breki ni kitu kingine kabisa. Na Mwishehe atafurahi akiikuta iko kimya.

Nimelifungua gurudumu la kulia, nikasafisha ndani, nikalirudisha. Limekaa vizuri sana. Zimebaki boliti mbili mkononi. Nadhani kiwanda kiliweka za akiba.