Sili Mjamzito wa Podmurva

Lukša Banđur alikuwa amekaa juu ya kayaki iliyopinduliwa, akila tini na kuilaani Ujerumani nzima kwa kutokodi kayaki zake, ndipo aliposikia Mjerumani akipiga kelele.

"Sili! Jamani, sili!"

Alikuwa mama mmoja aliyeiva kwa jua kama kamba aliyechemshwa. Alikuwa ameielekeza simu yake kwenye mdomo wa pango, ng'ambo ya ghuba. Lukša akatazama. Kweli, kitu cheusi, kinene, kinachong'aa kilikuwa kimeibuka majini. Kikapumua kwa kishindo, kikazama tena.

Lukša alikitambua mara moja. Kilikuwa Bepo.

Bepo Čulina alikuwa rafiki yake tangu utotoni, golikipa mstaafu wa polo ya majini, mtu mwenye tumbo la kuheshimika na mapafu kama mivukuto ya mhunzi. Asubuhi hiyo alikuwa ndani ya vazi lake la mpira la kupigia mbizi, akibandua miambani wale kome ambao serikali imekataza kubanduliwa. Mtu mwingine angemweleza mama wa watu ukweli. Lukša alimeza tini, akafuta kidevu, akamsogelea kwa unyenyekevu wa padri anayempelekea mgonjwa komunyo.

"Mama, nakuomba, punguza sauti. Yule ni sili mtawa, wa mwisho pwani yote hii. Tumemficha miaka na miaka. Sasa wewe umemwona, na mimi sijui nikufanyeje."

Machozi yakamtoka mama. Akaapa hatamwambia mtu yeyote, akamshindilia Lukša noti mkononi ya kumnunulia mnyama samaki, kisha akaenda moja kwa moja kambini kuwaambia watu wote wenye mahema. Lukša aliitazama ile noti kwa muda mrefu. Msimu ulikuwa umefunguka.

Bepo alikataa katakata.

"Mimi, sili?"

"Wewe ni msanii, kaka. Nakupa jukwaa tu."

"Kwa nini usiwe sili mwenyewe?"

"Nitazame. Mimi ni mbavu tupu. Umeshaona sili wa mbavu tupu? Wewe Mungu amekujalia."

Bepo akalishika tumbo lake, akalifikiria kwa mara ya kwanza kama kipaji. Wakakubaliana: sahani ya dagaa wa kukaanga kila mchana, na nusu ya mapato msimu ukiisha. Masharubu wakayatengeneza kwa nyuzi za ufagio, na mikono ya sili kwa viatu viwili vya kuogelea vilivyokatwa.

Kwa heshima ya ukweli, ambao katika habari hii hautaonekana mara nyingi, lazima isemwe kwamba safari zile zilikuwa nzuri. Wageni walipiga makasia kimyakimya chini ya misonobari hadi mdomoni mwa pango. Hapo Lukša aliinua mkono, akavua kofia, akawasomea masharti: hakuna kusogea zaidi, hakuna kupiga picha kwa mwanga, hakuna manukato, kwa sababu sili mtawa ni mnyama wa tafakuri. Kisha pangoni mkatoka mguno mzito wa kusikitisha, na Bepo akajiviringisha juu ya jiwe gizani, akajikuna kitambi. Watu wazima walishikana mikono wakalia. Siku moja sili alipiga chafya na kusema, "Yesu wangu!" Lukša hakupepesa jicho. Aliwaeleza wageni kwamba sili hawa wameishi chini ya monasteri karne nyingi, wakaokota maneno mawili matatu.

Kijiji kizima cha Podmurva kilinenepa. Shangazi Perina, mwenye mkahawa wa gatini, alijua kila kitu, kwani yeye ndiye aliyewakaangia wale dagaa. Lakini alikuwa ameshaanza kuuza aiskrimu nyeusi ya matunda ya mforosadi aliyoiita Machozi ya Sili, kwa hiyo dhamiri yake ilikuwa na shughuli nyingine.

Aliyekonda ni Bepo peke yake, tena rohoni tu. Mpira ulimtoa upele shingoni na kwapani.

"Nitangulizie kidogo, Lukša. Ya dawa tu."

"Msimu ukiisha, kaka."

"Nawashwa!"

"Jikune. Wageni wanapenda."

Mwezi wa nane, wakati hata kivuli kilikuwa kinatoka jasho, akaja Daktari Zrinka Pavlek. Alikuwa na kofia pana, darubini shingoni, suruali yenye mifuko mpaka magotini, na akajitambulisha kuwa mtaalamu wa wanyama wa baharini kutoka taasisi fulani yenye jina refu. Lukša akaingiwa na hofu. Alikuwa amejiandaa kwa wapumbavu, hakujiandaa kwa msomi. Lakini Bepo alipoguna, daktari akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika kwa kwikwi.

"Miaka yangu yote," akasema, "sijawahi kuona kitu kama hiki."

Hofu ikamtoka Lukša. Huyu, akawaza, ni wa vitabu tu.

"Niruhusu niingie peke yangu," daktari akaomba. "Harufu ya mwanamke haimshtui."

Lukša alipiga kelele kidogo kuelekea pangoni, ati anamtuliza mnyama, ili Bepo ajue kuna mgeni anaingia. Daktari akapotelea gizani. Akakaa humo mpaka Lukša akaanza kung'ata kucha. Alipotoka alikuwa amelowa hadi magotini, uso mzito.

"Bwana Banđur, keti."

"Kuna nini, daktari?"

"Ana mimba."

Lukša akaangalia pembeni haraka, akang'ata ulimi mpaka machozi yakamlenga. Daktari akayachukulia kuwa ya furaha, akampigapiga begani.

"Una hakika?"

"Nimempapasa kwa mikono yangu hii. Mtoto anacheza."

Habari ilifika mkahawani kabla yao. Shangazi Perina akaweka trei chini, akapiga ishara ya msalaba.

"Mtawa? Ana mimba? Haya, dunia imefika mwisho. Nani aiskrimu?"

Daktari akamvuta Lukša kwenye meza ya pembeni. Kuna mfuko wa matajiri wa kaskazini, alisema, unaolipa mlinzi wa pango lenye sili mjamzito mshahara wa maisha yake yote. Mwenyekiti wao yuko mjini Split wiki hii. Ila wanataka mlinzi aweke dhamana kwanza, waone kwamba ni mtu mzito. Watamrudishia pamoja na malipo ya kwanza.

"Dhamana kiasi gani?" Lukša akauliza.

"Hilo ni lako. Mlinzi mdogo huweka kidogo, hulipwa kidogo."

"Na mlinzi mkubwa?"

Daktari Zrinka akamtazama kutoka kofia mpaka makubazi, kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kuudhi. "Sidhani kama wewe uko kundi hilo, bwana. Usiumie."

Lukša aliumia. Akaenda mbio nyumbani, akainua godoro, akampelekea daktari bati zima la biskuti lenye mapato ya msimu, bila kutoa hata noti moja. Njiani alicheka peke yake mpaka mbwa wa jirani wakamshangaa. Mwanadamu gani mwingine pwani hii aliwahi kuwauzia matajiri mimba ya Bepo?

Alimpa Bepo habari wakati wa dagaa.

"Kaka, una mimba."

"Ya nani?" Bepo akauliza, akitafuna.

Lukša akacheka mpaka akashikilia meza. Bepo hakucheka. Alimla dagaa na kichwa chake, akapangusa mafuta kidevuni.

"Na fungu langu?"

"Si nimekwambia? Msimu ukiisha!"

"Sawa," Bepo akasema. Hakubishana hata neno moja, na Lukša akafurahi kuona mtu wake hatimaye amekomaa.

Siku tatu baadaye daktari alihitaji boti ya kumletea mwenyekiti. Ya kukodi ingetia aibu, akasema, lakini ya mlinzi mwenyewe ingeonyesha uzito. Lukša akamkabidhi boti yake yenye mashine mpya. Tangi alilijaza mwenyewe, akamwekea chupa ya mvinyo mtamu wa kumlainishia mwenyekiti, akambusu mkono. Atapita pangoni kwanza, daktari alisema, kumwangalia mama mjamzito. Lukša abaki ufukweni kuwazuia wageni, na avae tai.

Akavaa tai. Wageni wakajaa na kayaki zao, wakasubiri. Lukša alikuwa akiifanyia mazoezi hotuba ya kupokea mshahara wa maisha, ndipo Shangazi Perina alipomwita kutoka gatini, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu kamba ya kiatu imefunguka.

"Lukša mwanangu. Sili wako anaendesha boti."

Akageuka. Boti yake ilikuwa inatoka pangoni. Mbele amekaa Daktari Zrinka, kofia imeshikwa na mkono mmoja, bati la biskuti limebanwa katikati ya miguu. Nyuma, kwenye usukani, alikaa sili mkubwa mweusi mwenye masharubu ya ufagio, ameng'oa kizibo cha mvinyo kwa meno.

Ufuko mzima ukalipuka kwa makofi.

"Amefunzwa vizuri kweli!" akasema baba mmoja wa Austria.

Lukša akaingia majini na tai yake. "Bepo! Bepo, rudi! Tuzungumze!"

"Kumbe ana jina," mke wa yule baba akasema, akiguswa.

Sili akainua kiatu cha kuogelea, akawapungia wote. "Naenda kujifungua!" akapiga kelele, na mashine mpya ikanguruma kama simba. Ikawapitisha nyuma ya rasi, na bahari ikatulia kana kwamba haikuwa imebeba mtu.

Lukša alifika kituo cha polisi akidondosha maji. Sajini Jerko, mtu mpole wa maungo makubwa, akachukua kalamu.

"Nimeibiwa, Jerko! Boti, na fedha zangu zote!"

"Pole sana. Na nani?"

"Na daktari. Ila si daktari."

"Peke yake?"

"Yeye na Bepo."

"Bepo Čulina? Bepo alikuwa wapi?"

Maji yalitonatona kutoka kwenye tai. "Ndani ya sili," Lukša akasema.

Sajini Jerko akaiweka kalamu chini taratibu.

"Mama mkwe wangu," akasema, "amepanda kayaki na miaka yake themanini, akaenda kumwona yule sili. Tangu asikie ana mimba anawasha mshumaa kanisani kila asubuhi. Anafuma blanketi, Lukša. La manjano, kwa sababu hatujui ni dume au jike."

"Jerko, ndugu yangu..."

"Yuko hapo nje, kwenye benchi. Mimi siwezi kumwambia. Utamwambia wewe."

Kupitia kioo cha mlango Lukša akamwona bibi kizee, mgongo wima, sindano za kufumia zikimeremeta mikononi mwake, ndefu kama mishikaki. Akakaza tai yake iliyolowa.

"Jerko," akanong'ona, "mahabusu yenu ina nafasi?"