Injini Isiyo na Kwao

Jumatatu, 10 Juni

Gari limechemsha mbele ya geti. Moshi mweupe, maji chini, majirani madirishani. Nimetulia. Mwenye gari lazima awe na siku kama hizi, wasio nalo hawawezi kuelewa.

Fundi Polepole amekuja baada ya saa tatu. Jina hilo amepewa na wateja na halikatai. Kafungua boneti, kacheka peke yake, kaniuliza nani aliniuzia. Nikamwambia ni mtu muungwana sana. Akasema huyo muungwana aling'oa injini ya gari hili akatia nyingine, isiyojulikana kwao wala ukoo wake. Pampu ya maji nayo si ya injini hii wala ya ile iliyong'olewa, imebandikwa kwa gundi. Ndiyo inayovuja. Pampu inayofaa ataifunga kwa nusu siku, lakini kwanza ajue hii ni injini gani.

Nikamwambia ni ya petroli. Akanishukuru kwa msaada.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi saa mbili asubuhi baba mkwe anatakiwa hospitali, kutolewa mtoto wa jicho. Yupo kwetu tangu jana, amekaa sebuleni na redio yake, sisi wote anatuona ukungu mtupu. Niliapa mbele ya familia nzima kwamba nitampeleka mimi, kwa gari langu. Shemeji, kaka yake mke wangu, mwenye pikapu isiyo hata na mkwaruzo, alikohoa. Kikohozi kile nakijua.

Na leo mke wangu ametoa tamko: gari lisipomfikisha baba yake Jumamosi, Jumatatu linauzwa. Hakupandisha sauti hata kidogo. Akisema kwa sauti ya chini ujue ameshaamua.

Hakuna shida. Nina siku nne nzima. Fundi kanielekeza: namba imegongwa mbele ya bloku, ule mwili wa chuma wa injini, chini ya tope la mafuta, niisafishe taratibu kwa kitambaa na petroli. Taratibu! Mimi nina njia fupi zaidi.

Jumanne, 11 Juni

Njia fupi: juu ya injini kuna kifuniko cha plastiki chenye maandishi makubwa ya fedha. Jina la injini limeandikwa pale pale, mchana kweupe, na fundi mzima hakuliona! Nimejisikia vizuri sana asubuhi yote.

Nikakibandua, nikakibeba kwapani mpaka kwa Mama Spea. Mwanamke mkali, miwani yake ina kamba shingoni. Akageuza kifuniko, akaniuliza kilikuwa kimefungwa na nini. Nikamwambia kwa waya. Akauliza kama nimewahi kuona kiwanda kinachofunga kwa waya. Nikamwambia viwanda siku hizi vinabana matumizi. Nikasisitiza. Akanipa pampu niliyoitaka, akaniambia nisiichafue, maana nitairudisha.

Fundi kaipima. Injini ina matundu matano ya bolti, pampu ina manne. Nikamshauri atoboe moja. Akaenda kunywa chai.

Kumbe kifuniko ni cha gari lingine kabisa. Kiliwekwa kama pambo, kufunika aibu. Huyo muungwana!

Mzee kaniuliza mbona leo hakusikia gari likiondoka. Nikamwambia nalipumzisha kwa ajili ya safari yake. Akasema vizuri, akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka na akili mpya. Nikalala chini ya gari na tochi. Ubavuni mwa injini, kwa rangi ya njano, herufi kubwa za mkono: D-41. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akadhani nimebanwa.

Nikamrudishia Mama Spea pampu yake (safi, isipokuwa upande mmoja) nikamwambia anipe ya D-41. Akafungua kitabu cha kwanza. Cha pili. Cha tatu akaomba kwenye duka la jirani. Hakuna injini duniani inayoitwa D-41. Nikamwambia vitabu vyake vimepitwa na wakati. Tukiwa hapo hapo, nani anaingia kununua waipa? Shemeji. Kauliza kama gari ni zima. Nikamwambia zima kabisa, nimepita kumsalimia mama. Mama Spea akanitazama juu ya miwani. Namshukuru, hakutoboa siri yangu.

Nikampigia simu muungwana. Mwanzo mtandao wake ulikuwa mbaya, kila nikitaja injini unazidi kuwa mbaya. Mwishowe akakiri aliitoa kwenye yadi ya injini kuukuu, nyuma ya soko. Nikaenda kwa miguu. Msimamizi wa yadi, mtu wa maneno machache, alisikiliza D-41 yangu yote, na maelezo yangu kwamba huenda ni toleo adimu. Kisha akanishika mkono akanipeleka ndani. Safu A, safu B, safu C. Safu ya D. Rafu ya arobaini na moja.

Pale ilipokuwa injini yangu, sasa kuna friji.

D-41 ni mahali ilipokaa tu, basi. Akasema nikimletea namba iliyogongwa kwenye bloku, atanitajia injini kabla sijakaa kitini. Namba! Watu wote hawa wamekaririshwa na mwalimu mmoja. Sawa, watapata namba. Ila kitambaa na petroli ni kazi ya wiki, na mimi si mtu wa kupapasapapasa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeazima grainda kwa jirani mchomeleaji. Kaniuliza ya nini. Nikamwambia kusafisha. Kusafisha nini? Chuma. Mtu mwenye maswali mengi, lakini mkarimu.

Lazima niseme ukweli: kazi ilikuwa nzuri. Cheche zilikuwa zinaruka, tope lilitoka lote, kutu yote, bloku ikaanza kung'aa. Nikaona namba. Namba kweli, imejipanga! Nikaona nipitishe mara moja tu zaidi, isomeke vizuri.

Sasa pale mahali ni kioo. Nimejiona uso wangu. Imebaki nusu ya tarakimu ya mwisho, ambayo inaweza kuwa tatu, au nane, au mkwaruzo.

Fundi Polepole alipofika alitazama kwa muda mrefu. Akavua kofia. Akakaa juu ya tairi. Nikamwambia angalau sasa hakuna uchafu. Akasema katika miaka yake yote ameona watu wakiibiwa injini, wakiuziwa injini mbovu, wakichomewa injini, lakini hajaona aliyeifutia injini yake jina kwa mkono wake mwenyewe. Nadhani kulikuwa na heshima ndani yake.

Akasema viwanda vingine huacha pia herufi nyuma ya bloku, zimetokeza kwenye chuma chenyewe. Lakini hapo nyuma ni ukuta wa gari, hapaingii jicho wala mkono wake. Ni kuing'oa injini yote. Siku mbili. Jumamosi itatukuta bado iko chini.

Mke wangu alisimama mlangoni akauliza ule mwanga ulikuwa wa nini. Nikamwambia nang'arisha. Akaingia ndani. Nikamsikia akiongea na kaka yake kwa simu: ndiyo, Jumamosi, saa moja na nusu, wewe njoo tu, usimwambie kitu.

Iliniuma. Siandiki zaidi leo.

Ijumaa, 14 Juni

Nilikuwa nimeinama kwenye boneti, sifanyi chochote, naonekana tu kama ninafanya. Nikasikia viatu vinaburuta. Mzee anakuja, mkono mmoja ukutani. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kwa nini gari la mkwe wake halijatoa sauti siku nne, na kwa nini jana lilitoa sauti ya kuchinjwa.

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa betri. Haukutoka. Nikamwambia yote: kifuniko, friji, grainda. Sijui ni kwa sababu gani. Labda kwa sababu hakuwa anauona uso wangu.

Hakucheka. Mzee huyu amefanya kazi ya mashine za kusaga unga miaka thelathini. Siku zote nilijua, na siku zote nilisema moyoni mashine ya unga si gari. Akaniambia kwamba kwenye banda la kusagia, unga ukishatimka, hata mwenye macho haoni kitu. Bolti unaitafuta kwa vidole, ufa unautafuta kwa vidole. Akakunja mkono wa shati. Akaniambia nimwekee kiganja pale ukuta unapoanza.

Mkono wake ni mwembamba. Ukaingia nyuma ya bloku mpaka kwenye kiwiko, ukapita kiwiko, ukaenda hadi bega. Shavu lake likawa juu ya injini. Akafumba macho, ingawa hayakuwa na kazi.

Akasema kuna herufi zimetokeza. R. Kisha tisa. Kisha mbili. Akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo, asije akawa amekosea. Akatoa mkono, mweusi wote, akaomba sabuni.

R92! Mama Spea hakufungua hata kitabu. Aligeuka tu, akachukua pampu kwenye rafu ya pili, akapuliza vumbi. Matundu matano. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nimepapasa.

Fundi amemaliza saa kumi na mbili jioni. Akawasha. Injini ikaunguruma bila kukohoa, bila kumwaga hata tone. Mzee alisimama kando akisikiliza, akasema imekaa. Nilitaka kumkumbatia, nikaona haya, nikamletea kiti.

Nimemwambia mke wangu amzuie kaka yake. Akasema kaka yake atakuja vivyo hivyo, atafuata nyuma, kwa usalama.

Swali la nani hasa ameitambua injini. Tuwe wakweli. Mkono ulikuwa wake, lakini injini ni yangu, na kiganja chake nilikiweka mimi. Nusu kwa nusu. Nikifikiria na grainda, labda mimi kidogo zaidi, maana ningekuwa sijaifuta ile namba, nyuma ya bloku nani angeenda?

Jumamosi, 15 Juni

Tumefika! Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Mshale wa joto umekaa katikati safari nzima, haukutikisika. Mzee alikaa mbele, kiganja juu ya dashibodi, anasikiliza injini na kuitikia kwa kichwa taratibu. Shemeji alitufuata njia nzima amewasha taa za hatari, utadhani tumebeba maiti. Kila nikimwona kwenye kioo nilimpungia.

Mke wangu amekubali kwamba gari haliuzwi. Nimemwomba arudie mbele ya nesi. Amerudia.

Mzee kaingia chumba cha upasuaji saa nne, katoka saa tano na nusu, jicho moja limefungwa bandeji. La pili daktari atalifanya mwezi ujao. Atalala wodini, kesho bandeji itolewe, arudi nyumbani. Ameniita karibu na kitanda akanishika mkono. Akasema gari langu lina sauti nzuri. Mbele ya shemeji! Shemeji hakukohoa.

Wakati wa kusubiri nimempa ushauri wa bure dereva mmoja nje ya wodi. Injini yake inagonga. Hajui ni ya aina gani. Nimemwambia aanze kwa kuisafisha vizuri.

Jumapili, 16 Juni

Nimelifuta gari tangu alfajiri. Nimelipaka nta sehemu zinazopokea nta. Nikaliegesha mlangoni kabisa mwa wodi, kivulini, mbele ya pikapu ya shemeji.

Bandeji imetolewa saa tatu. Mzee alipepesa, alipepesa tena, akamwona mke wangu. Akaushika uso wake kwa mikono miwili. Kisha akasema umekuwa mama yako mtupu. Mke wangu alilia. Shemeji alilia. Mimi nililia kuliko wote na sioni aibu.

Tukatoka nje. Mzee alitembea mwenyewe, bila ukuta. Akauliza gari lililomleta ni lipi. Nikalionyesha kwa mkono.

Akalizunguka polepole. Aliangalia mlango wa nyuma, ambao ni wa kijani wakati gari ni jeupe. Aliangalia bampa na kamba yake. Aliangalia kioo cha pembeni, ambacho nakiri ni cha pikipiki. Akainama akatazama tairi moja, akanyanyuka, akatazama jingine, kama anayetafuta mawili yanayofanana. Halafu akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza sawasawa tangu nimwoe binti yake.

Akasema, pole sana baba. Akaenda akapanda pikapu.

Mke wangu akapanda naye, kumshikilia. Mkoba wa Mzee nao ukapanda. Nimerudi peke yangu, nyuma yao, na mshale wa joto ulikuwa katikati muda wote, hakuna aliyeuona.

Nimelifikiria jambo hili jioni yote na nimepata jibu. Si gari. Ni daktari, amefanya jicho moja tu, na kwa jicho moja mtu huona upande mbaya wa vitu. La pili likifanywa ataliona gari langu lilivyo. Nimeshampigia simu nesi anayepanga tarehe: mwezi ujao, saa mbili asubuhi, usafiri upo.