Namba Tisa wa Kwenye Benchi

Jumamosi, 15 Novemba 2014

Mwanamkasi ameshafika Dubai! Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Anafanya kazi za ndani kwa madam mmoja mtaa wa Al Warqa. Aliyemtafutia kazi ni Joachim, dereva wa nyumba hiyohiyo, ambaye ndiye namba tisa wa timu ya chuo chetu cha jioni. Nimemshukuru. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi.

Shida ni moja. Nyumbani Tanga wanaamini namba tisa ni mimi. Niliwaambia hivyo tangu mwaka jana, tulipokuwa tunafungwa kila wiki na hakuna aliyetaka kuja kutazama. Ukweli ni kwamba nakaa benchi na kufua vizibao vya mazoezi. Sasa Mwanamkasi amepewa ruhusa Ijumaa. Anakuja kunitazama, kisha atamsimulia mama kila kitu.

Siku sita. Zinatosha kabisa.

Jumapili, 16 Novemba

Kocha mpya, Jovia, ni mwanamke wa Kiganda, msimamizi wa walinzi kwenye duka moja kubwa. Tangu aje tumecheza mechi nne na hatujafungwa. Msimu uliopita hatukushinda hata moja. Ana uwezo, nakiri, isipokuwa macho yake hayajaniona.

Leo nimempelekea zafarani safi kutoka duka la viungo la Al Ras, ninakobeba mizigo. Nikamwambia ni heshima tu, sina haja yoyote. Akanishukuru sana. Akaitia yote kwenye chai ya timu, kisha akatangaza kwamba anayemletea kocha zawadi atafua na soksi. Soksi za watu kumi na wanane! Wengine sabuni wanaisikia tu.

Jumanne, 18 Novemba

Nimepata! Madam wa Al Warqa alikuja dukani kununua iliki, Joachim akimsubiri nje garini. Nikamwambia kwa adabu kwamba hewa ya Hatta, kule milimani, mwezi huu ni dawa kwa watoto, hasa siku ya Ijumaa. Akauliza kama maji yapo. Nikasema tele. Hatta sijawahi kufika. Madam akasema khalas, basi, Ijumaa wataenda wote.

Joachim atashinda kwenye usukani mchana kutwa. Namba tisa iko wazi. Akili ni nywele, na mimi ni mwenye nywele nyingi.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimecheza dakika tisini! Joachim alipiga simu asubuhi kuomba radhi. Kocha akalitazama benchi mara mbili, hakuona mwingine wa kucheza mbele. Kipindi cha kwanza niligusa mpira mara tatu, mara mbili kwa bahati mbaya. Wakati wa mapumziko akanirudisha nyuma, beki wa kushoto, namba tatu. Ajabu, hakuna aliyenipita. Miguu inayosukuma mikokoteni ya pilipili tangu alfajiri haichoki upesi. Tulitoka sare, na Kocha akasema kazi yangu imepatikana, nitulie hapo hapo.

Nikageuka nimpungie dada mkono. Hayupo.

Nikapiga simu. Yuko Hatta. Nani mwingine angewashika watoto wa madam kwenye maji? Gari la madam haliendi mbali bila yaya, hilo kila mtu Al Warqa analijua, na mimi nilijua, nikasahau. Mwanamkasi alikuwa analia. Alisema tangu afike nchi hii alikuwa anaingoja Ijumaa hiyo tu. Niliona haya. Nikamwambia hiyo ni mipango ya Mungu.

Ijumaa, 28 Novemba

Mechi ya mwisho. Madam aliipenda Hatta, akawapa wote wawili ruhusa ya alasiri nzima. Joachim alimleta dada mwenyewe, akamnunulia na juisi. Na kwenye karatasi ya Kocha, beki wa kushoto: Ibra, yaani mimi. Bila hila yoyote! Niliisoma mara nne.

Ningetulia. Lakini Mwanamkasi alisimama pembeni ya uwanja na simu mkononi, na namba tisa gani hukaa nyuma? Dakika ya kumi na tano nikapanda mbele. Wapinzani wakapita palepale nilipoondoka, wakafunga. Kocha akanitoa huku akinifokea kwa Kiswahili, kilipomwishia akaendelea kwa Kiganda.

Joachim akafunga mawili. Tumemaliza wa pili kwenye ligi, sisi tuliokuwa wa mwisho! Niliimba mpaka sauti ikakauka, na nilifurahi kweli. Kocha akanipa jezi mpya, namba tatu, akasema nirudi Januari. Nikivuka tena mstari wa kati bila ruhusa yake, nitafua mpaka mapazia ya kwake.

Mwanamkasi akanishika mkono. "Nimekuona, kaka. Kwangu inatosha."

Machozi yalinilengalenga. Nikaapa moyoni kwamba kuanzia leo ni kweli tupu.

Simu ikalia. Mama. Ameshatumiwa video yote. Hakuuliza habari za bao wala za namba. Alitaka kujua yule mwanamke aliyekuwa akinifokea ni nani.

Nimemwambia ni msaidizi wangu.