Tafadhali Usilipangishe Duka la Hindawiyah

Kwako Baba Abu Mishari, mwenye duka na kafili, yaani mdhamini, wa mlinzi wake,

Pokea salamu zangu za heshima. Ni mimi Gilbert, yule Mkenya uliyemweka alinde duka lako dogo la mtaa wa Hindawiyah, hapa Jeddah, tangu kinyozi alipohama. Samuel, dereva wako, atakusomea haya kwa Kiarabu, nami nimemsihi asiyalainishe. Nasikia unataka kumpangisha muuza makava ya simu. Nakuomba usimpe, kwa sababu zifuatazo:

1. Duka ni dogo mno. Mteja akiingia, muuzaji itabidi atoke nje. Sasa nani atamuuzia?

2. Liko katikati ya mji kupita kiasi. Wanaopita hapa wote wana haraka. Duka la maana huwa pembeni kabisa, mtu akilifikia amechoka, hana nguvu ya kubishana bei.

3. Kila wakati wa swala maduka hufungwa. Mpangaji atashusha shata, apandishe, ashushe tena, mpaka iharibike. Chini ya ulinzi wangu duka limefungwa kutwa nzima, na halijawahi kumchelewesha mtu msikitini.

4. Mtu wa manispaa alikuja kuuliza leseni. Mahali pa leseni nimetundika cheti changu cha ndoa. Alikisoma chote, akasema mafi mushkila, hakuna shida, akaenda zake. Leseni ya mpangaji itaisha muda kila mwaka. Cheti changu hakiishi.

5. Kuhusu hicho cheti, Baba, acha niseme wazi. Mke wangu Emmaculate ni mfanyakazi wa nyumbani kule mtaa wa Al-Nuzha na analala huko huko. Ijumaa madam wake akija kumwona mama yake hapa jirani, humshusha Emmaculate dukani hadi jioni. Tunasonga ugali, tunakula, ananigombeza kuhusu kola ya shati, nami nafurahi wiki nzima. Jeddah yote hii hatuna mlango mwingine wa kufunga tukawa mume na mke.

Kwa hiyo napendekeza duka libaki tupu milele. Hata jina lako litapanda. Watu watasema Abu Mishari ana mali nyingi hadi nyingine anazifungia tu, na zina mlinzi. Ukiona vyema, hamisha na wapangaji wa maduka yako mengine.

Nisalimie Mama Mishari, watoto, wazee wa ofisini, na yule paka wenu anayenikalia kwenye viatu.

Ni mimi, mtiifu wako mwenye funguo,
Gilbert

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Emmaculate amepiga simu. Madam wake anahamia Riyadh, na anamchukua aende naye. Basi halas, mpe huyo wa makava duka lako leo hii. Ni duka zuri, pana, na halina mfano mji mzima. Mimi naomba kitu kimoja tu, Baba. Kama una chumba chochote cha biashara Riyadh, hata kiwe sawa na kabati, ambacho wapangaji wote wamekikataa, yalla, nipeleke nikakilinde.